Mdomo wa Kukodi

Cherehani ilitoka nyumbani kwa Mwanawetu mchana kweupe, juu ya kichwa cha mpagazi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifunika khanga ili majirani wasiione. Waliiona. Cherehani ya mkono ya Bwanaheri fundi ilijulikana Mchangani kote hata ukiivika gunia, kwa ile nundu ya kifuniko chake cha mbao. Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga uwanjani walinyamaza, na nyungo zao zikanyamaza.

"Inakwenda kutengenezwa?" akauliza mmoja.

"Inakwenda," akajibu Mwanawetu.

Hakusema uongo. Huo ndio uhodari aliokuwa nao tangu utoto, kulikata neno katikati, akatoa nusu iliyo kweli na nusu akaimeza. Shangazi yake Mwanvua, aliyemlea, alikuwa akimwambia, "We mwana, ukiulizwa kama umekula, husema sufuria nimeosha." Walikuwa wakicheka. Siku ile hakucheka mtu.

Cherehani ilikuwa inakwenda kwa Abacar kuwa malipo. Abacar alikuwa wakili, na Mwanawetu alikuwa anadai kuachwa.

Mchangani ya wakati ule ilikuwa kijiji cha waya, kaskazini ya Palma, kwenye njia iendayo Kionga. Vita vilikuwa na mwaka wa nne. Wareno walikuwa wamezikusanya nyumba zilizotawanyika pwani na mashambani, wakazipanga mistari mistari kama mihogo, wakazizungushia seng'enge, wakaweka lango moja na posto moja ya serikali na shefe mmoja wa kuitawala. Kila nyumba ilijulikana kwa mwanamume wake. Nyumba isiyokuwa na mwanamume, sipai, askari wa posto, walianzia hapo. Mumeo yuko wapi? Alikwenda lini? Nani alimwona? Na asubuhi ikifika kazi ya kubeba mawe ya barabara ya askari, wanawake wa nyumba hizo ndio walioitwa mwanzo.

Mwanawetu alibeba mawe hayo. Bwanaheri alikuwa ameondoka kabla waya haijafungwa, akisema atarudi kwa Maulidi. Maulidi ikapita, Ramadhani ikapita, ikaja nyingine. Alikuwa kavuka.

Neno hilo, kabla ya vita, lilikuwa jepesi kama usufi. Fulani kavuka: kaenda ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara au Mikindani, kununua bati, kuzika mjomba, kula wali wa ndugu, na kesho kutwa utamkuta kibarazani kwake. Vita vilipoingia, neno likaota tumbo la pili. Fulani kavuka: kawafuata wale wa msituni, kashika bunduki. Sauti ni ileile, herufi ni zilezile. Watu wa Mchangani walijifunza kulitamka huku wamemkazia macho anayelisikia.

Bwanaheri alivuka kuvuka kwa zamani. Cherehani yake ilikuwa imekufa kwa sababu ya kipande kimoja, kile kichuma kidogo cha mviringo kinachobeba bobini ya uzi na kuzunguka chini ya sindano. Duka la Muhindi kule Palma lilikuwa limefungwa. Usiku mzima kabla hajaondoka alikuwa akimwonyesha mkewe pale kinapokaa. "Tia kidole hapa. Umeona pengo? Bila hicho, hili ni sanduku tu." Mwanawetu alitia kidole. Alijua kabisa mumewe amefuata nini ng'ambo.

Lakini wauza chumvi walileta maneno. Kwamba fundi yuko Mikindani, anakaa na mwanamke, anamshonea, anakula kwake. Hapo Mwanawetu akaanza kusahau kile kichuma. Asubuhi alibeba mawe ya Wareno kwa ajili ya mume, jioni aliwaza mume yuko kitandani kwa mwingine. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Katundikwa, kama wasemavyo waliosoma, na aliyetundikwa hagusi mbingu wala ardhi.

Akaenda kwa Mwalimu Mshamu, msikitini.

"Faskhi ipo, ndoa kuvunjwa kwa hukumu," Mwalimu akasema. Alikuwa mzee mfupi, hupenda kuzungumza huku akisuka ukili. "Mume akipotea na matumizi yakakatika, sheria imemfungulia mke mlango. Lakini shefe ametangaza, mimi sifungi wala sifungui ndoa mpaka posto wajue. Habari za wanaume wasiokuwepo, siku hizi, ni habari za vita."

"Nikaseme nini mimi mbele ya shefe, Mwalimu? Kireno changu ni cha kupigia pasi."

"Utatia wakili."

Na wakili Mchangani alikuwa mmoja. Abacar alikuwa mkalimani zamani kule Palma, mwenye koti jeupe na viatu ambavyo mchanga haukuviingia, sijui kwa hirizi gani. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye mkeka, akanywa kahawa ya watu.

"Mimi siuzi maneno, bibie," akasema. "Maneno ni ya Mwenyezi Mungu. Nakodisha mdomo tu."

"Kwa kodi gani, kaka?"

Abacar alielekeza kidevu chumbani. "Ile pale."

"Ile si yangu. Ya Bwanaheri."

"Mume aliyekosa kukulisha Ramadhani mbili, nani anamdai? Au unamdai jirani?"

Mwanawetu akatazama kikombe. "Haishoni ile."

"Ina nini?"

"Kuna kitu kinakosekana chini."

"Kitapatikana," akasema Abacar, na Mwanawetu akaiacha ile nusu nyingine ya jibu ikae kooni. Ilikaa.

Siku ya shauri walikwenda posto. Shefe alikuwa Mreno mwembamba mwenye macho ya njano, aliyekula kwinini kama karanga. Aliketi nyuma ya meza barazani, na ngazini alisimama sipai Zacarias, Mmakonde mrefu mwenye msalaba mdogo wa bati shingoni. Abacar akavua kofia, akaanza. Kireno chake kilitiririka. Mwanawetu alisimama nyuma yake, mikono ndani ya khanga, akisikiliza maneno yakipita juu ya kichwa chake kama ndege asiowajua majina.

Baadhi aliwajua. Alipokuwa msichana alipiga pasi kwa mke wa mfanyabiashara Mreno kule Palma, na katika nyumba ile alijifunza maji, chuma, shati, na neno moja alilotupiwa kila sabuni ilipopungua: mentira. Uongo. Alijua pia kusema ndiyo na hapana, na kujua wanapotajwa "wao". Sasa akamsikia Abacar akisema atravessou, kavuka, na akaona ni sawa. Kisha akasikia yakifuata maneno mawili madogo, com eles, na Abacar akayasema huku kidevu chake kikielekea msituni.

Pamoja nao.

Shefe akainua uso. Akamtazama mwanamke kwa mara ya kwanza. "É verdade?"

Abacar akageuka. "Anauliza, ni kweli mumeo kavuka?"

Hilo tu. Yale maneno mawili, pamoja nao, hakuyafasiri. Na Mwanawetu, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa kukata maneno, alimtambua fundi mwenzake. Alijua shefe ameuliza lipi na Abacar ameuliza lipi. Kati ya maswali yale mawili palikuwa na nafasi ya mtu kupita. Angeweza kusema, kavuka mto, kafuata chuma cha cherehani. Akamkumbuka mwanamke wa Mikindani, ambaye hajapata kumwona, akamwona amelala chali anacheka.

"Kavuka, ndiyo," akasema.

Shefe akaitikia kwa kichwa. Kununua samaki huchukua muda zaidi. Ijumaa ile ile Mwalimu Mshamu akaifungua ndoa, na mwanamke akaingia eda, na sipai hawakumwita tena kubeba mawe, kwani sasa hakuwa mke wa aliyevuka. Alikuwa mwanamke aliyemtaja.

Alipumzika. Hiyo ndiyo sehemu aliyokuja kuionea haya kuliko zote. Kwamba kwa wiki kadhaa alipumzika, akapaka mafuta mabegani pale mawe yalipochubua, akalala vizuri.

Hata eda haijaisha, adhuhuri moja shangazi Mwanvua akaingia bila hodi, ushungi mkononi.

"Fundi karudi."

Mwanawetu alikuwa akichambua choroko. Aliendelea kuchambua.

"Unanisikia, we mwana? Bwanaheri karudi. Kaja langoni kwa miguu yake, mkono juu, ameshika ile karatasi inayotupwa na ndege. Ile isemayo, mliokimbia rudini, mtapokewa kwa wema." Mwanvua akakaa chini. "Wamempokea. Kataja jina lake tu, shefe akasema, huyu mkewe mwenyewe kasema alikuwa nao. Yuko korokoroni. Msafara wa magari ukija kutoka Palma, anaondoka nao kwenda kusini, ngomeni. Na waendao kule unajua."

"Na mwanamke wa Mikindani?" Hilo ndilo lililomtoka. Alijichukia kabla hajalimaliza.

"Mwanamke gani? Ni shangazi yake yule! Ajuza hana jino hata moja, fundi anamtafunia nyama! Amesimulia mwenyewe pale langoni, akifikiri anawasimulia watu. Alikwama. Mashua za Wareno zinapiga risasi kila mtumbwi mtoni, asipate njia. Alipoiona karatasi, akaiamini." Shangazi akashusha sauti. "Laiti angevuka kweli kweli. Ningempigia vigelegele. Lakini huyu maskini ni fundi nguo tu."

Choroko zilimwagika.

"Na wamempata na kitu," Mwanvua akaendelea. "Zacarias amempekua, kamkuta na kichuma mfukoni, kimefungwa kitambaa chenye mafuta. Cha mviringo, kina mdomo. Shefe anasema ni kipande cha bunduki. Bwanaheri anasema ni cha cherehani. Wanamwambia, iko wapi hiyo cherehani yako? Anasema, nyumbani kwa mke wangu."

Mwanawetu akasimama. Akavaa ushungi. Mtu aliye edani hatoki ovyo, na Mwanvua akafungua mdomo kumkumbusha, akamwona uso, akaufunga.

Abacar alikuwa kibarazani kwake, mikono ya shati imekunjwa, cherehani imelazwa ubavu na misumari yake ya parafujo imo ndani ya sahani ya mafuta ya taa.

"Bibie," akasema bila kuinua macho, "umenilipa mzoga."

"Bwanaheri karudi."

"Nimesikia."

"Nenda kwa shefe. Mwambie ulikosea. Mwambie hakuwa nao."

Sasa Abacar akainua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu haikuwahi kumkaa vizuri mtu yule wa koti jeupe. "Nikamwambie nilidanganya? Unajua mkalimani aliyedanganya hufanywa nini, wakati huu? Mimi nilisema kile kilichokupa ulichokitaka. Kwa 'mume hajulikani aliko' ungekaa miaka. Nilikufupishia njia."

"Sikukwambia useme 'nao'."

"Na hukuniambia nisiseme. Ulisikia, nikakuona umesikia. Uliulizwa, ukajibu." Akafuta vidole kwa kitambaa. "Mimi nakodisha mdomo, bibie. Masikio yalikuwa yako."

Akairudishia cherehani misumari yake mmoja mmoja, akaifunika, akaisukuma mbele. "Chukua. Hatudaiani."

Mwanawetu aliibeba. Hakuita mpagazi wala hakuifunika. Alikuwa amefikiri, akiwa njiani kuja, kwamba malipo yakirudi na mzigo utashuka. Cherehani ilikuwa kichwani, na mzigo ulikuwa palepale kifuani ulipokuwa.

Alipitia msikitini. Mwalimu Mshamu alimwona na cherehani, akauweka ukili wake chini.

"Mwalimu, shikamoo. Nina swali moja. Wakili akisema uongo, dhambi ni ya nani?"

"Marahaba. Dhambi yake anayo." Mzee akaitazama cherehani. "Lakini wakili ni ulimi wako uliotembea bila wewe, mwanangu. Alichokifunga kimekufunga. Kama ulijua ukamwacha, hukukodi mdomo wake kusema. Umeukodi kujificha."

"Nilijua."

"Haya." Hakumkemea. Ingekuwa nafuu angemkemea. "Basi mwuzulu, mbele ya watu, kisha kaseme kwa mdomo wako. Ila ujue. Ukisema hakuwa nao, ile faskhi niliyotoa imejengwa juu ya maji. Utarudi kuwa mke wake, ukitaka usitake. Na serikali iliyodanganywa haiachi mkono mtupu. Wana ule ubao wao."

Aliujua ule ubao. Kila mtu aliujua. Palmatoria, kijiko kikubwa cha mti mgumu chenye matundu, cha kupigia viganja.

Barazani kwa posto palikuwa na watu wakingojea vibali vya kwenda mashambani, na Abacar alikuwa amekwisha kufika, kwa kazi zake au kwa hofu yake. Zacarias alimwona mwanamke na cherehani kichwani akacheka.

"Mama, umekuja kumshonea shefe suruali?"

"Nimekuja kusema na shefe."

Shefe akaamka na homa yake, akaketi, akamwashiria Abacar asogee afasiri. Mwanawetu akaitua cherehani mezani, juu ya makaratasi ya serikali, na kabla Abacar hajapanda ngazi akasema kwa sauti iliyofika mpaka langoni:

"Enyi mnaonisikia. Huyu Abacar alikuwa wakili wangu. Nimemwuzulu. Huu si mdomo wangu tena."

Abacar akasimama na mguu mmoja juu ya ngazi. Hapo akabaki.

Shefe akauliza kitu. Mwanawetu akatafuta katika Kireno chake chote, katika mashati na machuma ya moto ya ujana wake, akalikuta lile neno alilotupiwa mara nyingi bila haki. Sasa likamfaa.

"Mentira," akasema.

"Mentira de quem?"

Uongo wa nani. Alielewa. Akajipiga kidole kifuani. "Minha."

Yaliyobaki aliyasema kwa Kiswahili, na Zacarias akayafasiri kwa kubabaika, kwani kazi yake ilikuwa kupekua, si kufasiri. Akaomba kiletwe kile kichuma. Akaomba aletwe mtu.

Wakamleta Bwanaheri. Alikuwa amekonda, ndevu zimetoka viraka viraka, shati ni lile alilovukia. Alipita mbele ya mkewe bila kumtazama, au alimtazama akaona cherehani kwanza. Akapiga magoti mbele ya ile meza. Akapitisha kiganja juu ya nundu ya kifuniko kama mtu anayempapasa mtoto aliyekutwa na homa.

"Nani kaifungua hii?" akauliza. "Msumari huu si wa hapa."

Kule ngazini mtu akakohoa.

Shefe akamtupia kichuma. Bwanaheri akakifuta mafuta kwa shati, akalaza cherehani ubavu, akaingiza mkono chini, na macho yake yakaenda mbali kama ya mtu anayesikiliza. Kikaingia. Kila aliyekuwa barazani alisikia kilivyoingia. Mwanawetu alikuwa amekuja na uzi, akauweka mezani mbali na mkono wake, asimguse.

"Kitambaa?" akasema Bwanaheri.

Hakikuwapo. Zacarias akajitazama, mfuko wa shati lake la kazi ulikuwa umening'inia kwa pembe moja tangu mvua za mwaka ule. Akalivua. Akabaki kifua wazi na msalaba wake wa bati, na fundi akaupitisha mfuko chini ya sindano, akazungusha mkono. Sauti ile ikatoka. Haikuwa imesikika Mchangani kwa Ramadhani mbili. Mwanamke mmoja kule uwanjani akaguna.

Shefe akalichukua shati, akauvuta mfuko. Haukutoka. Akakitazama kichuma kwa chini, kilivyozunguka, akapumua.

"Huyu si mtu wa vita," Mwanawetu akasema. Sasa ilimbidi, na kila neno lilimkwaruza, maana mumewe alikuwa hapo anasikiliza na watu wote wanasikiliza, na kumwokoa kulikuwa ni kumvua nguo. "Huyu mwoga. Akiona bunduki anaharisha. Panya akipita, mimi ndiye ninayemwua. Mto alivuka kwa ajili ya chuma. Mwambie."

Zacarias akafasiri. Watu wakacheka kidogo. Bwanaheri hakuinua kichwa.

"Na wewe," shefe akauliza kupitia kwa Zacarias, "kwa nini ulisema alikuwa nao?"

Angeweza kusema, wakili alikosea. Abacar alikuwa palepale, uso umepauka, akingoja kutajwa. Nusu ya kweli ilikuwa tayari mdomoni, imekatwa vizuri, inang'aa.

"Wivu," akasema Mwanawetu.

Zacarias akakuna kichwa kulitafuta, akalipata. "Ciúme, senhor."

Shefe akacheka. Mtu yule wa homa, ambaye hakuna aliyepata kuona meno yake, akacheka mpaka akakohoa, na kicheko hicho ndicho kilichoamua. Fundi hatakwenda kusini. Atakaa hapa, atalala nyuma ya posto, atawashonea askari nguo zao, na asivuke hata lango. Na mwanamke aliyeifanya serikali iamini uongo, atapewa haki yake.

Zacarias aliuleta ubao. Hakuwa amelivaa shati bado. "Nisamehe, mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "ningekuwa na mkono mwepesi ningekufanyia." Hakuwa na mkono mwepesi.

Mwanawetu alinyoosha viganja. Kwa pigo la kwanza aliwaza, ndiyo, nilipe. Akangoja ahisi kitu kikipungua. Pigo likafuata pigo, viganja vikawaka, vikafa ganzi, vikawaka tena, na hakikupungua kitu. Alipogeuka kuondoka, Bwanaheri alikuwa akiipangusa cherehani, na mabega yake yalikuwa yamekataa kugeuka.

Bwanaheri alikuja Ijumaa, baada ya sala, kwa ruhusa ya shefe, na Mwalimu Mshamu nyuma yake. Mwanawetu alikuwa ameketi mkekani, viganja vimevimba kama mkate wa kumimina. Shangazi Mwanvua alikuwa akimlisha uji. Bwanaheri akatoa salamu, akaketi mbali. Mwanawetu alitaka kumkaribisha maji, kama inavyopasa, akashindwa kuushika mtungi. Bwanaheri akaumimina mwenyewe, akanywa, kisha akamimina tena, akampelekea kikombe mdomoni. Akarudi kuketi mbali.

"Nani alisema nilikuwa nao?"

"Mimi."

"Wanasema Abacar."

"Abacar alikuwa mdomo. Mimi ndiye niliyemkodi."

"Kwa cherehani yangu."

"Kwa cherehani yako."

"Ulijua nimefuata nini ng'ambo. Nilikwambia utie kidole pale pengoni."

"Nilijua, Bwanaheri."

Akakaa, akitazama mikono yake mwenyewe, iliyojaa alama za sindano. "Nashona suruali za askari," akasema. "Asubuhi mpaka jioni. Wanaovaa suruali zangu wanakwenda msituni kupiga watu. Hilo nalo nimelipata kwa shauri lako." Hakupandisha sauti. "Ungewapa wauza chumvi neno moja, mwanamke. Moja tu. Ungesema, nimechoka, niache. Ningekuacha bure."

Mwanvua akaangalia pembeni. Mwanawetu hakuangalia pembeni.

"Mwalimu," Bwanaheri akasema, "na wewe shangazi, shuhudieni. Mwanawetu binti Saidi nimemwacha. Moja."

Akasimama, akavaa ndara zake, akaondoka na Mwalimu.

Mwanvua akangoja mpaka nyayo zikapotea. Kisha akamkaribia, macho yameshika moto wa mipango. "Umesikia? Kasema moja! Si tatu, si mbili. Moja ina mlango, we mwana, mpaka eda iishe anaweza kurejea bila harusi wala mahari. Na kakunywesha maji, nani humnywesha maji asiyemtaka? Sasa sikiliza. Yuko Adamo mtoto wa binamu yangu, ana ulimi laini, anaweza kumwendea fundi akamsemea vizuri kwa niaba yako. Hataki kitu, kuku tu."

"Hapana, shangazi."

"Mbuzi basi?"

"Asinisemee mtu."

Kutoka posto cherehani ilianza. Ilikuwa sauti ndogo, ya kukimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, na ilipita juu ya mapaa yote ya Mchangani ikaingia kila nyumba. Iliingia na pale. Mwanawetu akainuka, viganja vikiwa wazi mbele yake kama mtu aliyemaliza dua, akatoka kibarazani, mahali ambapo aliye edani huruhusiwa kukaa. Wanawake walikuwa wakipepeta. Walimwona, wakanyamaza, na nyungo zikanyamaza.

Yule yule aliyeuliza siku ile akauliza tena, kwa upole safari hii, akimwachia njia ya kupita. "Fundi karudi?"

Angeweza kusema, karudi. Lingekuwa kweli, na lingetosha, na wao wenyewe walitaka litoshe.

"Karudi," akasema Mwanawetu. "Na mimi ndiye niliyemfungisha. Nilijua hakuwa nao, nikasema alikuwa nao, nikalipa kwa cherehani yake."

Baada ya muda ungo mmoja ukaanza kupepeta, kisha wa pili, na chini yake, mbali kidogo, ile sauti ikakimbia, ikasimama.